Bomba, Boriti na Kompyuta: Ramani za Majengo Zilivyobadilika



Mhariri ameniomba niandike machache kuhusu kazi yangu ya kuchora ramani za majengo. Nimeona heri nieleze historia yake, kwani ndani yake limo jambo ambalo hadi leo linanisumbua.

Nilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1981, tulichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi angavu. Tukikosea, tuliukwangua wino kwa wembe. Msanifu majengo alikuwa na ramani zake, mhandisi zake, na mafundi wa maji zao. Ukuta ukisogezwa, ilibidi kila karatasi irekebishwe kwa mkono.

Mwaka 1984 mhandisi alihamisha boriti moja ya zege. Mimi nikasahau kurekebisha ramani ya maji. Fundi bomba aliifuata karatasi aliyopewa, akaitoboa boriti ile, akafukuzwa kazi. Nami nilinyamaza.

Wakati huo dawa ya kosa kama hilo ilikwisha kufikiriwa. Mwaka 1975, Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza mfumo wa kompyuta unaohifadhi jengo zima pamoja na sehemu zake, wala si mistari mitupu. Badiliko likifanywa mara moja, michoro yote hulifuata. Programu ya Revit, iliyotoka mwaka 2000, iliifuata njia hiyo. Kufikia mwaka 2016, Serikali ya Uingereza iliutaka utaratibu huu katika miradi yake ya ujenzi.

Siku hizi ukuta ndani ya kompyuta hubeba unene wake na aina ya tofali, hata hesabu ya vifaa hutolewa humo humo. Msanifu, mhandisi na fundi huweka kazi zao katika modeli moja, na bomba likigongana na boriti huonekana kabla msingi haujachimbwa. Mabishano yaliyokuwa yakifanyika kwenye zege sasa hufanyika mezani.

Hata hivyo, vijana wetu mnaosomea kazi hii, modeli hujua yale tu iliyoambiwa. Atakayehamisha boriti asiiandike atarudia kosa langu. Na kosa likitokea, semeni mapema ni la nani. Yule fundi sikumwona tena.