Mtoto hataki viazi lishe? Anza na sahani yako

"Mwanangu hataki mboga, nifanye nini?" Ni swali tunalolisikia mara kwa mara tukizungumzia lishe redioni. Sehemu kubwa ya jibu iko kwa mzazi mwenyewe.

Tuchukue mfano wa viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Vilizalishwa na watafiti ili viwe na beta-karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016, Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa watafiti wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kuboresha virutubishi vya mazao. Vitamini A hulinda macho na kinga ya mwili, ndiyo maana nchini Tanzania watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka. Kiazi lishe kimoja kidogo kinaweza kutosheleza mahitaji ya siku ya mtoto mdogo, ila lazima akile.

Kwa nini anakataa?

Kuanzia miaka miwili hivi, watoto wengi huogopa chakula kigeni. Huenda mtoto akahitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya pili au ya tatu, wakasema "huyu hapendi", na chakula hakipikwi tena.

Mzazi afanye nini?

Kula naye chakula kilekile. Baba akisukuma matembele pembeni ya sahani, mtoto anaona, na kesho atafanya vivyo hivyo.

Usimlazimishe. Mpe kidogo, akikataa ondoa bila ugomvi, kisha mpe tena siku nyingine. Kumshika na kumlisha kwa nguvu humfanya akichukie chakula hicho.

Usimhonge. Ukisema "maliza mchicha nikupe soda", unamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ndiyo tamu.

Mshirikishe. Mtoto aliyepanda marando, akamwagilia na kuchimba kiazi mwenyewe huwa na hamu ya kukionja. Anayeishi mjini anaweza kuchagua sokoni au kuosha viazi.

Pika vizuri. Weka mafuta kidogo au karanga, kwa sababu mwili huhitaji mafuta ili kufyonza beta-karotini. Na chai ya rangi isiandamane na mlo, kwani hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani.

Mtoto akiwa hali kabisa

Kuchagua chakula ni kawaida kwa watoto wadogo. Lakini mtoto akipungua uzito, akikataa karibu kila kitu au akishindwa kuona vizuri jioni, mpeleke kituo cha afya mapema.