Kutuma ujumbe bila kufungwa na kampuni moja: mwongozo kwa wakazi wa Tana River

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta, vikiwemo vijiji vya Riketa, Kilelengwani na Kipao. Mvutano wa wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma kuhusu maji na malisho ulikuwa wa miaka mingi, lakini uvumi uliosambaa kwa mdomo na kwa simu uliuongezea hofu. Mwaka 2013, shirika la Sentinel Project lenye makao yake Kanada lilianzisha mradi wa Una Hakika. Mkazi aliyesikia habari ya kutisha aliituma kwa arafa, ikachunguzwa kwa msaada wa wajitolea wa vijijini, na jibu likarejeshwa kwa waliojiandikisha.

Mradi huo uliweza kufika mbali kwa sababu arafa haina mwenyewe. Anayetumia laini ya Safaricom humwandikia wa Airtel bila kumuuliza amejiunga na kampuni gani, na kabambe ya vibonyezo huipokea sawa na simu ya bei ghali. Katika intaneti mambo ni kinyume. Mtumiaji wa Telegram hawezi kumwandikia aliye WhatsApp pekee, na mlango wa kampuni ukifungwa wote hubaki nje. Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote. Mwishoni mwa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram izuiwe wakati wa mitihani ya KCSE, na waliokuwa wakiitumia kwa biashara wakaumia pamoja na walaghai wa mitihani.

Njia nyingine ipo, na si ngeni. Mwaka 1999 Mmarekani Jeremie Miller alitangaza Jabber, mfumo wa kutuma ujumbe usiotegemea seva moja. Mwaka 2004 jopo la IETF, linaloratibu viwango vya intaneti, liliuidhinisha kwa jina la XMPP. Kanuni zake zi wazi kwa kila mtu. Mwaka 2014 mfumo wa Matrix ulizinduliwa kwa nia hiyo hiyo. Tofauti kubwa iko kwenye vikundi: katika XMPP, kikundi hukaa kwenye seva moja, ilhali katika Matrix kila seva yenye mwanachama huweka nakala ya mazungumzo. Nakala hizo huhitaji mashine yenye nguvu zaidi, ndiyo maana kwa taasisi ndogo XMPP huwa nafuu.

Anwani ya XMPP hufanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha jina la seva. Anayetaka kuanza huchagua kwanza seva inayoaminika, kwani msimamizi wake huweza kuona nani anawasiliana na nani. Kisha huweka programu kwenye simu: Conversations kwa Android, ambayo hupatikana bure katika hifadhi ya F-Droid, au Monal kwa iPhone. Kwenye kompyuta kuna Gajim. Seva nyingi haziulizi nambari ya simu. Faida hiyo ina gharama yake: anayesahau nywila huenda akaipoteza akaunti kabisa, kwa hiyo iandikwe mahali salama. Hatua inayofuata ni kuwasha usimbaji wa OMEMO ili hata msimamizi wa seva asiweze kusoma yaliyoandikwa, na kulinganisha alama za utambulisho na mwenzako mkiwa uso kwa uso.

Shule, chama cha ushirika au ofisi mjini Garsen au Hola yaweza kuwa na seva yake. Programu za Prosody na ejabberd hutolewa bure, na kompyuta ndogo hutosha kwa watu wachache. Jina la kikoa linaloishia na .ke husajiliwa kupitia mawakala wa KeNIC. Ikiwa fundi ameipanga ipasavyo, walio kwenye Wi-Fi ya jengo hilo huendelea kuandikiana hata mtandao wa nje ukikatika. Kigumu si kuiweka bali kuitunza: umeme, nakala za akiba, na mtu wa pili anayejua kazi hiyo pale wa kwanza anapohamishwa.

Uwazi wa kanuni pia haulazimishi kampuni kubaki. Google Talk ilianza 2005 ikitumia XMPP na ikaziruhusu seva nyingine kuwasiliana nayo, kisha kuanzia 2013 Google ikahamia Hangouts na kuufunga mlango huo. WhatsApp nayo ilijengwa awali juu ya XMPP iliyogeuzwa, lakini kwa miaka mingi haikuzifungulia seva za nje.

Kwa Tana Delta kuna mpaka mwingine. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara, aliyekuwa na kabambe asingeweza kufikiwa kwa XMPP wala Matrix, kwa kuwa zote mbili huhitaji intaneti. Kikundi cha kuonyana kuhusu mto au mifugo kinachohamia huko, kwa hiyo, hubakiza orodha ya nambari za arafa pembeni. Aidha, usimbaji huficha maneno bila kujali kama ni ya kweli, na kikundi kilichofungwa hivyo hakiwezi kuchunguzwa uvumi wake na mtu wa nje mpaka mmoja wa wanachama aamue kuupeleka kwa wachunguzi, kama walivyofanya waliotuma arafa kwa Una Hakika.