Kushona vitambaa vinavyovutika kwa cherehani ya kukanyaga

Fulana, jezi za mpira, taiti, chupi na nguo nyingi za watoto wachanga hushonwa kwa kitambaa kinachovutika. Mafundi waliozoea kitenge na sare za shule huzikataa kazi hizi, au huzipokea na baada ya siku mbili mteja anarudi, mshono umekatika shingoni au kwapani. Katika makazi kama Nakivale au Kyangwali, ambako mtaji wa fundi ni mdogo, kulipa kitambaa cha mtu ni hasara kubwa. Maelezo haya ni kwa mwenye cherehani ya kawaida, isiyo na zigizaga, na asiye na ovaloki.

Kwa nini kinavutika

Kitenge kina nyuzi zinazopishana, moja juu, moja chini, kwa hiyo ukikivuta hakina pa kwenda. Kitambaa cha fulana kimeundwa kwa vitanzi vilivyoshikana, sawa na sweta ya kufuma kwa mkono, ila ni vidogo sana. Ukivuta, kitanzi hupanuka, ukiachia, hurudi. Kitambaa cha taiti huongezewa nyuzi za elastani, zilizovumbuliwa Marekani mwaka 1958, ambazo hunyumbuka kama mpira. Elastani haipatani na joto kali. Pasi ya mkaa iliyokolea huiharibu na nguo hulegea isirudi tena.

Kwa sababu ni vitanzi, kitambaa cha fulana hakichanuki nyuzi ukingoni kama kitenge. Ndiyo maana kukosa ovaloki si kikwazo, ingawa wateja wengine hudhani hivyo. Hatari iko kwingine: kitanzi kimoja kikikatwa na sindano, tundu huanza hapo na kuendelea.

Pima kwanza

Kunja kitambaa, shika sentimita 10 kwa upana, vuta kando ya rula. Kikifika 12.5 kinavutika kwa asilimia 25; kikifika 15, asilimia 50. Kisha achia. Kisiporudi kwenye 10, usikitumie kwa taiti, kwani magoti yatatokeza. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke mwili. Pamba mpya ifue kabla ya kukata, maana hupungua. Fulana ya mitumba imekwisha kufuliwa mara nyingi, na hiyo ni faida.

Sindano, uzi na mshono

Sindano ya kawaida ina ncha kali inayotoboa nyuzi. Tafuta yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma vitanzi kando na kupita katikati. Kwenye pakiti za Schmetz huandikwa SUK au Jersey. Namba 80/12 inatosha fulana nyingi. Kitambaa kizito kipe 90/14. Cherehani ikiruka mishono, badilisha sindano kabla ya kulaumu mashine.

Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba haunyumbuki na hukatika mapema.

Mshono ulionyooka una kasoro moja: kitambaa kikivutika, uzi hauna urefu wa ziada wa kukifuata. Basi mpe uzi huo urefu. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, weka mshono wa milimita 2.5 hadi 3, na unaposhona shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikivuta kidogo tu. Ukivuta sana, mshono hutoka na mawimbi. Rudia mshono wa pili pembeni ya wa kwanza. Kitambaa chepesi kikimezwa na meno ya cherehani, tandika karatasi nyembamba chini yake, kisha uichane ukimaliza.

Mabegani fanya kinyume. Hapo nguo yote inaning'inia, kwa hiyo shonea ndani utepe mwembamba wa kitambaa kisichovutika ili bega lisirefuke.

Shingo

Ukanda wa shingo ukatwe mfupi kuliko tundu la shingo, kama asilimia 85 ikiwa ni ribu. Tundu likiwa sentimita 60, ukanda uwe 51, ongeza 2 za kuunganishia. Gawa ukanda na shingo sehemu nne, bana kwa pini, kisha vuta ukanda ulingane na shingo unaposhona. Ukiukata sawa na tundu, shingo italala wazi kama kola iliyochoka.

Fulana kubwa ya mitumba hutoa nguo ya mtoto bila shida. Panga kielelezo chako ili pindo la zamani la kiwandani liwe pindo la nguo mpya. Hilo ndilo eneo gumu zaidi kwa cherehani ya mshono mmoja, na tayari limeshashonwa.

Kwa mtoto mchanga, kumbuka kichwa chake ni kikubwa kuliko shingo. Kabla ya kukabidhi nguo, vuta tundu la shingo ulinganishe na mzunguko wa kichwa. Lisipofika, fungua bega moja na utie vifungo viwili.