Jiko la safari mjini Lubumbashi

Jiko la safari ni jiko dogo la kubebeka linalotumika kupikia mbali na nyumbani: kambini, mtoni, shambani, au kando ya barabara gari linapoharibika. Mjini Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jiko hilo kwa kawaida ni mbabula ya makala. Majiko ya gesi, ya petroli na ya alkoli yapo pia, na kila moja lina mahali pake. Ila mwenye kuchagua hufanya vizuri kuanza na nishati: ipi atasafiri nayo, na ipi ataipata njiani ikimwishia. Akishajua hilo, umbo la jiko linajichagua karibu lenyewe.

Komini ya Lubumbashi ni mojawapo ya komini saba za mji huo, pamoja na Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Ndiyo yenye katikati ya mji, ofisi za serikali na maduka makubwa, na ndiko msafiri anakomalizia manunuzi kabla ya kushika barabara ya Likasi, ya Kipushi, ya Kasenga au ya Kasumbalesa. Kopo la gesi au alkoli ya famasi hutafutwa hapo. Makala hayahitaji kutafutwa: yako kila soko, na njiani magunia yake husimama yamepangwa mbele ya vijiji.

Hali ya nchi

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kundelungu, kaskazini mashariki yake, hufikia mita 1,700. Kwa kila mita 300 za kupanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Basi mjini huchemka karibu na nyuzi 96, na juu ya Kundelungu nyuzi 94 na ushei. Kwa chai haidhuru kitu. Kwa maharagwe ni habari nyingine: yanachelewa kuiva, na anayeyapika kwa gesi yakiwa makavu, hayajalowekwa, atachoma kopo zima kwa sufuria moja.

Kiangazi huanza Mei na kuishia Septemba au Oktoba. Mchana ni mkavu na upepo hauna haya, lakini usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, ikaendelea hadi Machi au Aprili. Hapo kuni zinalowa, makala yanavuta unyevu, na kiberiti kisichofungwa ndani ya plastiki hakifai tena.

Upepo hula nishati kuliko wapishi wengi wanavyodhani. Jiko la gesi lisilokingwa linaweza kutumia maradufu ya kiasi chake. Katanga ina kinga ya bure: vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kupita nyumba, vimetapakaa katika pori na hata katika viwanja vya mjini. Upande wa kichuguu usiopigwa na upepo ni jiko zuri, mradi nyasi zifyekwe kwanza.

Mbabula na makala

Mbabula hutengenezwa kwa bati, pipa kuukuu au rimu ya gari. Juu kuna bakuli la makala lenye matundu, chini nafasi ya majivu na mlango wa hewa, na pembeni mkono wa waya wa kubebea. Mafundi wa masokoni huitengeneza kwa ukubwa wowote, na ile ndogo ya sufuria moja huingia chini ya kiti cha gari.

Ubora wake mkubwa kwa safari hautajwi katika maelezo ya majiko yanayotoka Ulaya: inavumilia mwiko. Chakula cha Lubumbashi ni bukari, yaani ugali, na bukari husongwa kwa nguvu za mikono miwili, sufuria ikiwa imeshikiliwa kwa mguu au kwa kijiti. Jiko la gesi la wapanda milima, lililokaa juu ya kopo lake kwa vijiguu vitatu vyembamba, limebuniwa kwa mtu anayechemsha maji ya kumimina juu ya chakula kikavu cha pakiti. Likisongewa bukari ya watu wanne, hupinduka. Anayetaka kutumia gesi na bado ale bukari anahitaji jiko lenye kitako kipana, ambamo kopo hukaa pembeni na kuungwa kwa mpira.

Udhaifu wa mbabula ni uzito na uvivu. Kuiwasha hadi makala yashike vizuri huchukua robo saa au zaidi, na ya bati tupu hufikisha kwenye sufuria takriban sehemu moja tu kati ya tano za joto la makala. Kwa hiyo lita moja ya maji huhitaji gramu 50 hadi 60 za makala, mbali na yale yanayoungua bure wakati wa kuwasha na baada ya kupika. Jiko lenye kikombe cha udongo ndani, kama lile lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, huhifadhi joto vizuri zaidi, ila udongo huo hupasuka likitupwa nyuma ya pikapu kwenye barabara ya mashimo.

Makala yenyewe hutoka kwenye miombo, misitu ya miti ya jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia inayozunguka mji. Wachomaji hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na mabonge ya udongo, kisha huiacha iungue polepole kwa siku nyingi bila hewa ya kutosha. Kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Hasara hiyo inavumiliwa kwa sababu ya usafiri: kilo ya makala ina joto karibu maradufu ya kilo ya kuni kavu, nayo husafirishwa kwa baiskeli iliyosheheni magunia hadi mwendeshaji asionekane, au kwa lori. Miti hiyohiyo hulisha viwavi wanaoliwa na hustawisha uyoga wa msimu wa mvua, hivyo panapoisha miti pia mboga hupungua. Gunia la msafiri wa mwisho wa juma ni dogo mno mbele ya mahitaji ya mji ambao umeme wake hukatika mara kwa mara, na si haki kumtwisha yeye lawama ya msitu. Hata hivyo kuchukua makala ya kutosha, badala ya kuchukua gunia na kumwaga nusu yake mtoni, ni jambo linalowezekana: kilo mbili au tatu hutosha chakula cha siku moja cha watu wanne, pamoja na chai.

Kwa michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, hakuna mpinzani wa makala.

Petroli

Hapa lugha inaweza kuunguza mtu. Mjini Lubumbashi petroli ni mafuta ya taa. Yanayotiwa kwenye injini ya gari huitwa esansi, na dizeli huitwa mazuti. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi, ambaye petroli kwake ni ya gari, aulize mara mbili na anuse kabla ya kumimina. Esansi ndani ya jiko la utambi ni mlipuko unaosubiri kiberiti.

Jiko la utambi, ambalo wengi huliita resho, ni rahisi, lina moshi, na linamwagika likiinama. Linafaa barazani kuliko kambini. La pampu ni tofauti kabisa. Frans Wilhelm Lindqvist wa Uswidi alilitengeneza mwaka 1892, na jina lake la biashara, Primus, likaenea dunia nzima. Mafuta husukumwa kwa hewa ya pampu, hupita kwenye bomba la moto, hugeuka mvuke, kisha huwaka kwa mwali wa buluu usiotoa masizi. Roald Amundsen alilichukua kwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911, na msafara uliofika kileleni Everest mwaka 1953 ulipikia jiko la aina hiyo. Kwa Katanga sifa yake ni kwamba petroli huuzwa kwa chupa hata mahali pasipo na duka la maana. Kero zake ni kuwa kichwa chake lazima kipashwe kwanza kwa alkoli kidogo, tundu la mvuke huziba mafuta yakiwa machafu, na ngozi ya pampu hukauka isipopakwa mafuta. Chuja petroli kwa kitambaa safi, na beba sindano ya kuzibulia.

Gesi

Kwa mtu anayetembea kwa miguu gesi ndiyo nyepesi na ndiyo safi. Gramu 14 hivi huchemsha lita moja ya maji pasipo upepo, kwa hiyo kopo la gramu 230 lina lita 12 hadi 16 ndani yake. Huwaka mara moja, huzimwa mara moja, na haiachi majivu.

Shida iko kwenye makopo. Kuna ya kutobolewa, ambayo yakishafungwa hayaondolewi hadi gesi iishe. Kuna ya kuskrubu, yenye vali inayojifunga. Na kuna marefu ya majiko ya mezani, ambayo hulazwa na kunaswa kwa kishikizo. Hayabadilishani. Jiko zuri lililonunuliwa Ulaya ni chuma bure ikiwa duka lina makopo ya aina nyingine, na hakuna njia ya kuja nayo kwa ndege: mashirika ya ndege yanakataza makopo ya gesi katika mizigo yote, ya mkononi na ya chini. Anayeshuka uwanja wa Luano na jiko lake anashuka bila moto. Busara ni kulitafuta kopo kwanza, halafu kununua jiko linalolingana nalo hapohapo.

Yafaa pia kusoma kilichoandikwa kwenye kopo. Butani tupu huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, na kwa kuwa kopo hupoa lenyewe linapotumika, alfajiri ya Julai huko Kundelungu mwali wake unaweza kufifia kabla chai haijachemka. Mchanganyiko wenye propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hauna tatizo hilo. Mwenye butani tupu alale na kopo karibu na blanketi, au alikalishe ndani ya maji ya uvuguvugu. Kulipasha juu ya moto ni kujiua.

Kwa gari, mtungi mdogo wa kilo 3 wenye kichomeo kinachoskrubiwa juu yake ni suluhisho la kati. Unajazwa tena, unachukua sufuria ya familia, na haupinduki upesi.

Alkoli na vidonge

Jiko la alkoli ni kikombe cha shaba au alumini, hakina pampu wala vali, hakiharibiki. Kampuni ya Trangia ya Uswidi, iliyoanzishwa 1925, ndiyo maarufu zaidi kwa hayo, ingawa fundi yeyote wa bati anaweza kuliiga kwa makopo mawili ya soda. Alkoli ina joto pungufu sana ya gesi, hivyo huhitaji karibu maradufu ya uzito. Ya famasi ya asilimia 90 inawaka vizuri. Ya asilimia 70 inawaka kwa kusuasua na kuacha maji kikombeni. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ina maji mengi mno, na wenye nayo wana matumizi mengine.

Mwali wa alkoli hauonekani juani. Kuongeza alkoli kwenye kikombe kinachodhaniwa kimezimika ndiyo ajali yake ya kawaida. Kipitishie kiganja juu kwa mbali kwanza, kisha subiri kipoe.

Vidonge vya heksamini, vilivyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1936 kwa jina la Esbit, vinatosha kikombe cha kahawa, na harufu yake si ya kupikia kapenta, yaani dagaa.

Kuchagua kwa safari

Kwa gari, wikendi ya mto Lufira au ziwa Tshangalele nyuma ya bwawa la Mwadingusha, mbabula ndogo na makala yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki yanatosha, na mtungi wa gesi kwa chai ya asubuhi ni anasa inayolipa. Kwa miguu kuelekea maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 340 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliyoanzishwa 1970, mbabula ni mzigo na kuni za hifadhi si za kukatwa. Hapo ni gesi, au alkoli kwa mtu mmoja, na chakula cha kuiva haraka: kapenta, lengalenga (mchicha), wali, unga kidogo. Kwa anayekwenda mbali na kwa muda mrefu, kwenye vijiji visivyojua kopo la gesi, jiko la pampu bado halijapata mrithi.

Tahadhari

Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Kishawishi cha kuingiza mbabula hemani au chumbani huja katika usiku wa baridi wa Juni, na ni wakati huohuo milango hufungwa barabara. Makala kuwa mekundu bila moshi hakupunguzi hatari hiyo. Jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa nalo halina usalama.

Nje, hatari ni nyasi. Kuanzia Juni pori la Katanga huwaka kirahisi, na jivu linaloonekana limekufa huweza kuficha kaa la moto hadi kesho yake. Lifukie baada ya kulimwagia maji na kulikoroga, wala usilimwage jioni penye upepo. Makala yaliyobaki hayatupwi: yakizamishwa majini na kuanikwa juani siku moja au mbili, huwaka tena.