Tehran: Picha zilizofungiwa stoo

Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Tehran, Iran, yalifunguliwa mwaka wa 1977, zama za Shah. Ramani ya jengo ilichorwa na Kamran Diba, naye Malkia Farah Pahlavi akasimamia ununuzi wa picha wakati pesa za mafuta zilikuwa tele. Zilinunuliwa kazi za Picasso, Pollock, Warhol na Bacon, pamoja na za wasanii wa Kiirani.

Mwaka wa 1979 Shah akapinduliwa. Watawala wapya waliona picha nyingi za Magharibi haziendi na maadili ya dini, hasa zilizoonyesha miili uchi. Hata hivyo hawakuzichoma. Walizifungia stoo, chini ya jengo.

Mwaka wa 1994 moja ilitoka. *Woman III* ya Willem de Kooning, picha ya mwanamke uchi, ilibadilishwa kwa sehemu iliyosalia ya Shahnameh ya Shah Tahmasp, kitabu cha karne ya 16 ambacho tajiri wa Kimarekani alikuwa amekichanua na kuuza baadhi ya kurasa. Michoro 118 ikarudi Iran.

Mwaka wa 2006 picha ile iliuzwa dola milioni 137.5. Kwa hesabu ya soko, Iran ilipunjika. Lakini Shahnameh ni urithi wa Wairani wenyewe, na urithi hauna bei.

Mwaka wa 2005, mwishoni mwa urais wa Khatami, picha nyingi za Magharibi zilitundikwa tena. Anayetaka kujua upepo wa siasa Iran unavuma vipi, na atazame kilichoko ukutani na kilichobaki stoo.