Dawa za Akiba: Wanawake wa Bukavu na Matibabu ya Ukimwi

Mnamo Oktoba 2003, wakati ambapo wakubwa wa Kongo walikuwa wamekwisha kupatana juu ya serikali ya mpito ilhali bunduki zingali zikilia katika milima ya Kivu, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuwapa wagonjwa wa Ukimwi wa Bukavu dawa za kupunguza makali bila ya malipo. Na katika nchi ile, ambapo dawa hizo aghalabu zilikuwa riziki ya wenye fedha, jambo hilo lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo ya namna yake.

Taabu ya mwanamke, walakini, haikuwa ya fedha tu. Yeye ndiye aendaye kliniki ya wajawazito, kwa hiyo yeye ndiye hupimwa kwanza; na aliyepimwa kwanza ndiye hutuhumiwa kuyaleta maradhi nyumbani, hata kama mumewe ndiye aliyetoka nayo machimboni au jeshini. Wako waliokubali kuikosa dawa kuliko kuikosa sitara.

Kisha vita vikaja mjini. Mwishoni mwa Mei 2004 mapigano yalizuka, na tarehe 2 Juni askari waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebusi wakaushika mji. Dawa hizi hazina mzaha: anayezikatiza huyapa maradhi nafasi ya kuzizoea. Watabibu walikuwa wameiona hatari hiyo mapema, wakawapa wagonjwa dawa za akiba na kuwafunza la kufanya siku ya kukimbia. Na mji ulipofadhaika, walio wengi waliendelea kunywa dawa zao. Kwa rai yangu, tahadhari hiyo ndogo ina thamani kuliko majengo mengi yaliyofunguliwa kwa hotuba.

Huko Panzi, papo hapo Bukavu, katika hospitali aliyoiasisi Dk. Denis Mukwege mwaka 1999, baada ya ile ya Lemera alikofanya kazi awali kushambuliwa mwaka 1996, yalikuja mambo mengine mazito. Aliyebakwa huweza kukingwa na virusi akianza dawa ndani ya saa 72 na kuzinywa siku 28. Lakini mama aliyetekwa msituni Shabunda, au aliyeshuka kwa miguu kutoka vilima vya Walungu, alifika Bukavu muda huo umekwisha kupita zamani.

Sheria ya Kongo ya Julai 2008 ilikataza kuwabagua wenye virusi, ila ikaweka pia adhabu kwa mwenye kumwambukiza mwenziwe kusudi, kifungu ambacho kilimtisha zaidi yule yule aliyepimwa kwanza. Kikafutwa mwaka 2018.

Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na mwaka uo huo Marekani ikavunja mkataba wa kuleta Kongo vifurushi vya dawa za kuwakinga waliobakwa. Vifurushi hivyo mahali pake hasa si ghala la mjini, bali kituo cha afya cha kijijini, ambako mwanamke huweza kufika kwa miguu kabla ya siku ya tatu kuisha.