Makuli wa Kilindini na Chama Chao

Chama cha Wafanyakazi wa Bandari ya Mombasa kiliandikishwa mwaka 1954, lakini asili yake yatokana na dhiki ya zamani zaidi. Kazi ya bandari hiyo, Kilindini, ilikuwa ya kutwa: alfajiri watu walisongamana langoni, serahangi, msimamizi wa makuli, akawatazama mabega na vifua, akawachagua aliowataka, na waliosalia wakarejea mtaani Majengo mikono mitupu, na meli zilipoadimika, mke hakuwa na cha kuinjika jikoni, ilhali mwenye nyumba hakuacha kudai kodi yake. Ujira wenyewe ulikadiriwa kwa haja za mwanamume asiye na aila, kana kwamba mkewe na wanawe walikuwa na riziki yao huko bara, shambani.

Dhuluma hiyo haikunyamaziwa. Makuli waligoma mwaka 1939, na Januari 1947 kazi ya mji mzima ilisimama kwa siku 12, umati ukikutana Kiembeni, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo huo. Jaji Thacker aliamua mishahara iongezwe. Kibachia naye, kabla mwaka haujaisha, akakamatwa na kuwekwa kizuizini Kabarnet.

Mwaka uleule wa 1954 chama kilipoandikishwa, kamati ya serikali chini ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara hauna budi kumtosha mtu pamoja na mkewe na watoto. Kukiri si kulipa. Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 24, akaja kutoka Nairobi kutafuta sulhu. Wakarudi kazini, na hatimaye wakapata nyongeza ya asilimia 33.

Hata hivyo, naona fadhila kubwa zaidi ilikuja pale vibarua walipotiwa daftarini na hatimaye kulipwa kwa mwezi. Mwenye mshahara wa mwezi huaminiwa dukani: mkewe huchukua unga, sukari na mafuta ya taa, deni likaandikwa hadi mwisho wa mwezi, na karo ya mtoto ikatengwa mapema.

Wala si insafu kuficha kwamba daftari hilo halikuwapokea wote. Aliyezoea kufanya kazi siku chache, kisha akaenda kulima au kuvua, alifutwa jina, na mlango wa bandari ukafungwa kwake.